Haki ya Mja Mzito: Chuma katika Sahani, Jua katika Ua



Himdi zote zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, akina mama na akina baba, juma hili safu yetu yaingia jikoni, kisha yatoka uani. Tutazungumzia vitu viwili ambavyo mja mzito hana budi navyo: madini ya chuma, ambayo ndiyo kiini cha damu, na vitamini D, ambayo ndiyo nguzo ya mifupa. Huenda msomaji akauliza, je, haya si ya daktari? Yanamhusu nini sheikh? Jawabu ni kwamba kupima na kuagiza dawa ni kazi ya daktari. Lakini nani ale kipande kipi cha nyama, nani anywe chai saa ngapi, na nani apate nafasi ya kuketi juani, hayo huamuliwa nyumbani. Na kila nyumba ina mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Neno langu la leo ni moja. Hapa pwani yetu chakula chenye chuma hakikosekani sokoni, na jua halikosekani mbinguni. Lakini vyote viwili aghalabu hushindwa kumfikia mja mzito kwa sababu ya mazoea ya nyumba zetu. Kuyarekebisha mazoea hayo si hisani anayofanyiwa mke. Ni haki yake na ni haki ya kiumbe kilicho tumboni mwake.

Damu ni akiba ya siku ya uzazi

Mwanamke abebapo mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Damu hiyo yahitaji chuma, kondo la nyuma lahitaji chuma, na mtoto naye hujiwekea akiba yake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Akiba hiyo ndiyo atakayoitegemea kwa takriban miezi sita ya mwanzo wa maisha yake, kwa kuwa maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Ukijumlisha mahitaji yote hayo kwa miezi tisa, hufikia kiasi cha gramu moja ya chuma. Kwa macho ni kitu kidogo kuliko kijiko cha chai cha chumvi. Kwa mwili ni mzigo mkubwa, maana mwili hukipata chuma kwa shida na kwa matone.

Madaktari huipima damu kwa hemoglobini. Mja mzito ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita moja huhesabiwa kuwa amepungukiwa na damu, na akishuka chini ya gramu 7 hali yake ni ya hatari. Dalili zake twazijua ila twazidharau: uchovu usioisha hata baada ya usingizi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio anapopanda ngazi, na weupe wa viganja, wa ulimi na wa ndani ya kope. Aghalabu husemwa, "Ni mimba tu, itapita." Mimba hupita kweli, lakini hupitia siku ya kujifungua, na siku hiyo ndiyo hesabu.

Tuwafikirie wanawake wawili wanaojifungua usiku mmoja, kila mmoja akapoteza nusu lita ya damu. Aliyeingia chumba cha uzazi akiwa na damu ya kutosha atachoka, atakunywa uji wake, na asubuhi ataketi kumnyonyesha mwanawe. Aliyeingia akiwa na gramu sita, nusu lita ile ile yaweza kumfikisha ukingoni mwa kaburi, na jamaa zake wakaanza kukimbia usiku wa manane kutafuta mtu wa kumtolea damu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi duniani. Ajali hiyo hutokea usiku mmoja, lakini maandalizi yake, ya kheri au ya shari, hufanyika kwa miezi tisa mezani petu.

Chai inayokula chakula chetu

Tuitazame stiftahi yetu tuipendayo: mahamri, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa. Mbaazi zina chuma. Lakini chuma cha nafaka, kunde na mboga ni dhaifu. Mwili hukichukua kidogo tu, tofauti na chuma cha nyama na samaki ambacho huingia kwa wepesi zaidi. Sasa, juu ya udhaifu huo, twaleta chai. Ndani ya majani ya chai mna vitu vinavyokikamata chuma cha mbaazi na kukizuia kuingia katika damu, na chai iliyonywewa pamoja na chakula yaweza kuondoa nusu au zaidi ya kile ambacho mwili ungelikipata. Kahawa nayo ina tabia hiyo hiyo. Basi mama amekula, ameshiba, na amemshukuru Mola wake, lakini chuma cha mbaazi kimepita tumboni bila kumnufaisha.

Dawa yake haina gharama. Mja mzito ale mbaazi zake kwa maji yaliyokamuliwa ndimu au kwa chungwa, na chai aisubirishe saa moja au zaidi baada ya kula. Ndimu, chungwa, pera, papai na embe vina vitamini C, ambayo hukifungulia chuma mlango kama vile chai inavyoufunga. Unga wa ubuyu nao una sifa hiyo. Ninakusudia ubuyu wenyewe, si zile mabuyu zilizopakwa sukari na rangi. Kachumbari yenye ndimu kando ya sima na mchicha si pambo la sahani, ni sehemu ya dawa.

Kunde, pojo na mbaazi ziloweshwe usiku kucha, na maji yake yamwagwe kabla ya kupika. Kufanya hivyo hupunguza vile vizuizi vilivyomo katika maganda yake. Mchicha, mnavu na kisamvu viwe vya kila siku. Na katika chungu cha kunde, kipande kidogo cha nyama au cha samaki huusaidia mwili kukichukua hata kile chuma cha kunde zenyewe. Unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa kiwandani, kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 2012, hutiwa chuma na foliki asidi. Unga tunaousaga wenyewe mashineni hauna nyongeza hiyo, na mwenye kuutumia alijue hilo, afidie kwa mboga na kunde.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja. Si kila chekundu ni damu. Sharbati nyekundu, soda nyekundu, komamanga na bitiruti haviongezi damu kwa sababu ya rangi yake. Baadhi yake ni matunda mema, na baadhi yake ni sukari na rangi tu. Hata tende, ambayo ni chakula chenye baraka, na ambayo Bibi Maryam alineemeshwa nayo katika uchungu wa uzazi kama ilivyosimuliwa katika Surat Maryam, humpa mzazi nguvu na utamu. Lakini gramu 100 za tende zina takriban miligramu moja tu ya chuma, ilhali mja mzito akadiriwa kuhitaji miligramu 27 kwa siku. Tule tende kwa Sunna na kwa nguvu zake, na tusiziachie peke yake kazi ya kuongeza damu.

Maini yana chuma kingi, lakini yana vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mja mzito asiyafanye maini kuwa chakula cha kila siku, na wako madaktari wanaomshauri ayaache kabisa. Amwulize mkunga wake kabla ya kuyazoea. Mafuta ya ini la samaki nayo yana hukumu hiyo hiyo.

Nani anapewa nyama?

Kuna jambo jingine lisilohusu kemia, nalo ni mpangilio wa sinia. Katika nyumba zetu nyingi mama ndiye mpishi na ndiye mlaji wa mwisho. Baba huandaliwa kwanza, wageni wakafuata, watoto wakamaliza vipande, na mama akaketi na mchuzi, wali na ukoko. Yeye mwenyewe huona fahari kusema ameshiba. Hiyo ni tabia njema ya kujitolea, na Allah atamlipa. Lakini je, sisi tulio katika sinia la kwanza twawezaje kuipokea sadaka hiyo kila siku kutoka kwa mtu anayekula kwa ajili ya nafsi mbili?

Basi iwe ni ada ya nyumba: kabla ya sinia kutoka jikoni, sehemu ya mja mzito itengwe, na ndani yake pawe na nyama au samaki au yai. Mama mkwe ndiye bora wa kuisimamia ada hiyo, kwa sababu neno lake jikoni halipingwi. Na wale wanaomkataza mja mzito mayai, eti mtoto atazaliwa na kasoro fulani, wafahamu kwamba katazo hilo halina asili katika Sharia wala katika tiba. Yai lililoiva vizuri ni chakula chema kwake.

Tembe si adui

Hata mezani pakitengenezwa namna gani, chakula peke yake huwa vigumu kutimiza miligramu 27. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa hakifiki hata robo yake. Ndiyo maana katika kliniki zetu mja mzito hupewa tembe moja kila siku yenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi. Ni vyema aanze kliniki kabla ya juma la 12, asingoje tumbo lionekane.

Wengi huzipokea tembe hizo na kuziacha kabatini. Husema zinatia kichefuchefu, zinafunga choo, zinageuza choo kuwa cheusi. Weusi huo hauna madhara. Ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu hupungua akizimeza usiku kabla ya kulala au baada ya kula kidogo, na choo husaidiwa na maji mengi, mapapai na mboga. Zimezwe kwa maji au kwa maji ya ndimu, kamwe si kwa chai wala kwa maziwa. Wengine huogopa kwamba tembe zitamnenepesha mtoto hata ashindwe kuzaliwa. Tembe hizi hazifanyi hivyo, hujenga damu. Na tahadhari moja nisiyoweza kuiacha: ziwekwe mbali na watoto wadogo. Tembe zinazomfaa mama kwa mwezi zaweza kumuua mtoto wa miaka miwili akizila kama peremende.

Tena si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Katika pwani yetu kuna malaria, kuna minyoo ya safura inayofyonza damu matumboni, na kuna ugonjwa wa selimundu unaorithiwa katika baadhi ya familia. Kwa hiyo mama alale ndani ya chandarua chenye dawa, apokee dawa za kuzuia malaria na za minyoo kwa wakati atakaoelekezwa kliniki, na apimwe. Wala asijinunulie dukani foliki asidi ya miligramu 5 bila kuagizwa, kwa kuwa kiasi hicho kikubwa hudhoofisha nguvu ya ile dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki.

Hamu ya udongo

Nalisema hili kwa heshima, kwa maana najua ni siri ya wengi. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waja wazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo, na kwamba ulaji huo ulifungamana na upungufu wa damu na wa akiba ya chuma. Mwenye kutamani udongo, mkaa au barafu kila saa asichekwe wala asikemewe. Mara nyingi hamu hiyo ni ishara kwamba mwili umepungukiwa. Lakini udongo haumlipi deni lake. Huweza kukizuia chuma cha chakula na huweza kubeba mayai ya minyoo. Afadhali hamu hiyo impeleke kupimwa damu. Wanavyuoni nao wametaja ubaya wa kula udongo unapokuwa na madhara, na madhara yake hapa yako wazi.

Jua lililotoroka majumbani mwetu

Sasa tutoke uani. Vitamini D haifanani na chuma: sehemu kubwa yake hatuili, bali ngozi zetu huitengeneza zipigwapo na jua. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuchukua kalsiamu kutoka katika chakula. Ikikosekana, mifupa ya mama hulegea na kuuma, na mtoto huzaliwa na akiba haba; na kwa kuwa maziwa ya mama hayana vitamini D nyingi, mtoto huyo aweza kuja kupata matege.

Mtu atasema: Mombasa, Lamu, Kwale, jua lote hili, nani atakosa? Lakini katika nchi za Ghuba, ambazo hazina uhaba wa jua hata kidogo, madaktari wamekuta upungufu mkubwa wa vitamini D kwa wanawake. Sababu ni maisha ya ndani, vyumba vya ubaridi, magari, na mavazi yanayofunika mwili wote. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Na jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifai, kwa maana kioo huuzuia ule mwali unaohitajika.

Je, stara ndiyo ya kulaumiwa? Hapana. Bibi zetu walijisitiri, wala hawakuwa wafungwa wa kivuli. Wazee walijenga kwa hekima. Nyumba za mawe za Lamu zina kiwanda, yaani uwanja ulio wazi juu ndani ya kuta za nyumba. Nyumba za Kiswahili za Mombasa zina ua wa nyuma uliozungukwa na ukuta au makuti. Humo mwanamke alitwanga, alifua, alianika nafaka, alisuka ukili, mikono na miguu i wazi, jua likimpiga, na hakuna ajnabi amwonaye. Stara na jua vilikaa nyumba moja. Leo twahamia ghorofa ya nne, madirisha yana pazia nzito, na baraza yatazamana na dirisha la jirani. Stara tumehama nayo. Ua tumeuacha nyuma. Hapo ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya ujenzi na ya mpango, si ya dini.

Kwa hiyo mume amtafutie mkewe jua la faragha kama anavyomtafutia maji na umeme. Wakazi wa jengo moja waweza kuafikiana kwamba paa ni la wanawake kwa saa moja kila asubuhi, na ngazi ifungwe. Mwenye wazazi wenye ua aende kwao mara kadhaa kwa juma. Mwenye baraza atundike shuka za kuwakinga watazamaji na kuacha upande wa juu wazi.

Saa ipi? Lile jua jororo la alfajiri tulisifualo lina mwali huo kwa uchache sana. Kipimo chepesi ni kivuli, na sisi watu wa Swala twavijua vivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua hilo lafaa. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kama kinavyokuwa ikiingia Alasiri, faida yake ni ndogo. Kwa mja mzito, ambaye joto la adhuhuri humlemea, wakati mwema ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu asubuhi. Aswali Dhuha yake, kisha aketi uani, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa dakika kumi hadi ishirini au zaidi kidogo, maji yakiwa kando yake, na aondoke kabla ngozi haijamuuma. Mwenye ualbino asifanye hivyo. Huyo amwone daktari.

Chakula nacho husaidia: dagaa, vibua, jodari kwa kiasi, na kiini cha yai. Dagaa waliwao na mifupa yake humpa mama kalsiamu pia. Papa na sulisuli aepukane nao wakati wa mimba, kwa kuwa samaki hao wakubwa hukusanya zebaki mwilini mwao.

Na tembe za vitamini D je? Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mja mzito apewe. Lakini anayeshukiwa kupungukiwa hushauriwa kutumia mikrogramu 5, yaani yuniti 200, kwa siku. Jamaa zetu walioko Uingereza, ambako jua ni adimu, hushauriwa mikrogramu 10 kwa siku. Kwa hiyo mama ambaye hatoki ndani kabisa amweleze mkunga wake waziwazi jinsi anavyoishi, ili ashauriwe. Asizinunue kwa kukisia, kwa sababu vitamini hii ikizidi mno hukaa mwilini na kudhuru. Wanaouliza uhalali wake wafahamu kwamba vitamini D3 kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Penye shaka ni lile ganda laini la jelatini, ambalo huenda likatokana na nguruwe. Mwuza dawa aulizwe, na itafutwe tembe ya kawaida au ya matone.

Mwezi wa Ramadhani

Mja mzito anayeihofia nafsi yake au mtoto wake amepewa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, akila kwa kujihofia mwenyewe, au kujihofia yeye na mtoto, atalipa siku zake tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidya ya kibaba kimoja kwa kila siku. Mwenye damu ya gramu nane asione haya kuichukua ruhusa ya Mola wake, wala jamaa wasimtazame kwa jicho la lawama. Mwenye afya aliyeruhusiwa na daktari kufunga ameze tembe yake usiku, mbali na ile chai ya futari.

Ni haki, si hisani

Akina baba, nawarejea nyinyi. Surat At-Talaq imeamrisha kwamba hata mwanamke aliyeachwa, akiwa ana mimba, agharimiwe mpaka ajifungue. Ikiwa nafaqa ya mimba yabaki baada ya ndoa kuvunjika, itakuwaje ya yule aliye ndani ya ndoa, anayekupikia na kukulelea? Ni kweli kwamba vitabu vya kale vya madhehebu yetu havikuhesabu dawa na ujira wa tabibu katika nafaqa ya wajibu. Lakini wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaona kwamba matibabu leo ni katika mahitaji yasiyoepukika, na kwamba mume yampasa kuyagharimia awezapo. Nami nauliza: anayekubali kulipa harusi ya siku tatu, atashindwaje na nauli ya kliniki na ratili ya nyama?

Juma hili basi, kila nyumba yenye mja mzito ifanye mambo manne. Kitazamwe kijitabu chake cha kliniki na ijulikane damu yake ni gramu ngapi. Itengwe sehemu yake kabla ya sinia kutoka. Chai iondolewe katika saa ya chakula na katika saa ya tembe. Na patafutwe mahali pa siri pa kuketi juani. Siku ya kujifungua, mkunga aombwe asiharakishe kukata kitovu, angoje walau dakika moja ikiwa mama na mtoto wako salama, kwa kuwa damu inayopita katika dakika hiyo humwongezea mtoto chuma. Na baada ya arubaini, mama asisahauliwe: tembe huenda zikaendelea kwa majuma kadhaa kwa ushauri wa kliniki, na mwili wake upewe muda wa kurejesha ulichotoa kabla ya mimba nyingine.

Twamwomba Allah Subhanahu wa Taala awahifadhi waja wazito wetu, awasahilishie uzazi wao, awaruzuku watoto wema wenye siha, na atujaalie sisi waume kuwa wachunga waaminifu wa amana tulizopewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.